Kotesheni sita za tumbo moja

Nimekuwa kimya humu karibu mwaka mzima na watu wawili watatu mmeniuliza kulikoni, basi ngoja niseme. Baba alipatikana na saratani ya tumbo. Na mimi ndo nikapewa ile kazi ambayo kila familia humtwika yule mtoto anayeshinda kwenye simu: wewe unajua mambo ya mtandaoni, hebu tutafutie hospitali, ulizia bei. Nikasema sawa. Nilidhani ni kazi ya siku mbili.

Kabla ya bei niseme tulikotoka maana najua kuna watu mko palepale. Mzee alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi 8. Analalamika kiungulia, anashiba kwa vijiko vitatu, anapewa dawa za kupunguza asidi, anapata nafuu wiki mbili, inarudi, anapewa tena. Mpaka damu ilipopungua akawa anahema kwa kupanda ngazi sita tu, ndo daktari mmoja kijana akauliza, huyu mzee amewahi kupimwa kwa kamera? Hakuwahi hata siku moja. Kumbe zile dawa za asidi zinaweza kutuliza hata maumivu ya saratani kwa muda, unakaa unajiona unapona. Kamera ikaingia, vinyama vikachukuliwa, wiki moja baadaye tukapewa karatasi imeandikwa adenokasinoma, yaani aina ya saratani, na hapo ndo maisha yalipogeuka.

Sasa bei. Jioni ileile nikakaa nikaandika meseji moja: "Habari, naomba kujua gharama za matibabu ya saratani ya tumbo." Nikaikopi nikaituma hospitali na kliniki tisa, za karibu na za mbali, nyingine nchi za nje. Zikajibu sita. Nikazipanga kwenye eksel, jina la hospitali upande mmoja, bei upande mwingine, nikaitupia kwenye grupu la familia nikajiona msomi. Bei ya juu ilikuwa karibu mara saba ya ile ya chini. Kaka mkubwa hata dakika mbili hazijaisha kajibu, hii ya chini ndo yetu, mnangoja nini. Dada akajibu, rahisi hivyo wana kasoro gani, tumpeleke nje. Usiku huo hakuna aliyelala, ugomvi mtupu, shemeji akatoka kwenye grupu akarudishwa akatoka tena.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuguzi, rafiki wa shemeji, kafanya kazi wodi ya saratani miaka mingi. Akaitazama ile eksel yangu kwenye simu, akacheka, akasema mwanangu hapa umelinganisha bei ya tairi, bei ya gari na bei ya kuegesha gari. Nikaona kama ananidharau, sikujibu kitu. Lakini nikarudi kusoma majibu yao upya, neno kwa neno, na nikaona aibu mwenyewe.

Ile ya chini kabisa, iliyompendeza kaka, ilikuwa ya kukata sehemu ya mfuko wa chakula na kulala wodini siku 5, basi. Hamna ICU, hamna dawa, hamna kupima kile kilichokatwa. Na uvimbe wa mzee ulikuwa juu umetambaa mpaka katikati, kila mpasuaji aliyeona picha baadaye alisema mfuko mzima unatoka. Yaani tulipewa bei ya upasuaji ambao baba hata haumhusu! Ya pili ilikuwa ni duru moja tu ya kemo, wala hawakutaja dawa gani. Ya tatu ndo ilinichekesha, ilikuwa bei ya saratani ya utumbo mpana, na hapo kosa ni langu, si mnajua Kiswahili chetu tumbo ni kila kitu kuanzia kifuani mpaka kiunoni, ukisema saratani ya tumbo msikilizaji anachagua anachotaka. Toka siku hiyo nikawa naandika mfuko wa chakula na naambatanisha ripoti. Ya nne ilikuja kupitia wakala, ina mpaka kupokewa uwanja wa ndege, ila chini kwa herufi za sisimizi imeandikwa dawa na patholojia (kupima vinyama maabara) hazimo na matatizo yakitokea baada ya upasuaji ni juu ya mgonjwa. Ya tano, ya juu kuliko zote, wameweka kila kitu, roboti, PET skani, dawa za kinga (zile za kuamsha kinga ya mwili ipigane na saratani), wakati bado hawajajua hata kama mzee anazihitaji.

Na ya sita haikuwa na bei kabisa. Waliandika barua ndefu yenye maswali kumi na kitu, wanataka ripoti hii na ile, wanasema hawawezi kutoa hesabu bila kujua steji, yaani ugonjwa umefika hatua gani. Kwenye eksel niliandika "wanaringa" nikaipaka rangi nyekundu. Nisameheni.

Ninachotaka kusema leo ni hicho hicho tu nikiwa nimekizungushia maneno mengi: ukiuliza bei kabla hujajua matibabu gani, utajibiwa bei ya kitu kisicho chako. Swali la kwanza ni mgonjwa wetu anahitaji nini na kwa mpangilio gani. Bei inakuja ya pili, na ikija ya pili ghafla namba zinaanza kufanana.

Basi nikaanza upya. Nikakusanya faili. Hapa naenda taratibu maana ndo sehemu iliyotusaidia kuliko zote na hakuna aliyetuambia mapema. Ripoti ya endoskopi na picha zake. Ripoti ya patholojia, na zaidi ya ripoti, vile vinyama vyenyewe, maabara huvihifadhi kwenye vipande vya nta na slaidi za kioo, una haki ya kuviomba au kuomba vitumwe kwingine vikasomwe tena. Siti skani ya kifua, tumbo na nyonga, na usirudie ujinga wangu wa kuipiga picha filamu kwa simu dhidi ya dirisha, hospitali inataka faili zenyewe kwenye CD au link, daktari anataka kuizungusha picha aione kwa upana wake. Vipimo vya damu, himoglobini, figo, ini, albumini. Uzito wa sasa na uzito wa miezi sita nyuma, hili wanalipenda kweli kwa sababu mgonjwa wa mfuko wa chakula anayepungua kasi anaingia upasuaji akiwa dhaifu na kidonda hakishiki vizuri. Dawa zote anazotumia. Halafu karatasi moja ya muhtasari, moja tu, madaktari hawasomi riwaya.

Vinyama vya mzee vilisomwa mara ya pili na msomaji mwingine, na huyo akalalamika kwamba mara ya kwanza vilichukuliwa viwili tu, wakati inashauriwa vichukuliwe 6 mpaka 8 ili saratani isikwepe na vibaki vya kutosha kwa vipimo vingine. Kamera ikarudiwa. Mzee kanuna siku tatu. Lakini hivyo vipimo vingine, vya alama za uvimbe zinazoonyesha dawa gani inaweza kuufaa, ndo vinaamua pesa: kuna HER2, kuna MSI, kuna PD-L1, na siku hizi klaudini 18.2. Kama HER2 ni chanya, dawa inayoitwa trastuzumab inaweza kuingia kwenye mpango ugonjwa ukiwa umesambaa, na hiyo ina matoleo ya kampuni nyingine ambayo ni nafuu kuliko ile ya mwanzo, WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2015 kwa ajili ya saratani ya matiti. MSI ikiwa juu, dawa za kinga zinaweza kufanya kazi kubwa. Ikiwa vyote ni hasi, anayekuuzia dawa za kinga kwa bei ya nyumba mwulize vizuri anategemea kipimo gani. Mzee HER2 hasi, MSI kawaida. Nilisikitika kwanza, kisha nikagundua mistari miwili imefutika kwenye ile kotesheni ya juu.

Tukatuma faili lote kwa hospitali zilezile na mbili mpya, safari hii maswali yakiwa yaleyale kwa wote. Majibu yalipokuja nikabaki mdomo wazi. Tatu zilisema kitu kimoja karibu kwa maneno yaleyale: kwanza laparoskopi kuangalia ndani, kisha kemo duru 4, kisha upasuaji wa kutoa mfuko mzima na tezi za limfu, kisha kemo duru 4 nyingine. Na tofauti ya bei kati yao ilikuwa karibu mara mbili tu, sio mara saba tena. Mara mbili bado ni pesa ndefu lakini sasa tulikuwa tunalinganisha gari kwa gari.

Hiyo kemo inaitwa FLOT, dawa nne kwa pamoja, kila baada ya wiki mbili. Wajerumani ndo waliipima dhidi ya kemo ya zamani, matokeo yakachapishwa 2019, nusu ya wagonjwa wa FLOT walivuka miezi 50 ilhali wale wa dawa za zamani ilikuwa miezi 35. Sio kila mtu anaiweza, ni kali, mgonjwa mzee sana au dhaifu anapewa nyingine nyepesi. Na kule Asia ya mashariki, Japani na Korea, wengi wamezoea kuanza na upasuaji halafu ndo kemo, vidonge vya S-1 au kapesitabini na oksaliplatini kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo ukiomba bei Korea na ukaomba Ujerumani unaweza ukapewa mipango miwili tofauti na zote mbili ni za madaktari makini, hakuna tapeli hapo. Hili lilimchanganya sana dada, akawa anasema mmoja wao anatudanganya. Hapana.

Kwenye kemo bei ya duru moja nayo ina mbinu zake. Dawa ni sehemu tu. Kuna porti, kale kafaa kanakowekwa chini ya ngozi kifuani ili mishipa isiungue, kuna pampu maana dawa moja ya FLOT inatiririka saa 24, kuna vipimo vya damu kabla ya kila duru, kuna dawa za kichefuchefu, kuna sindano za kupandisha chembe nyeupe zikishuka, na zilishuka. Kuna kipimo cha DPD pia, kinaangalia kama mwili unaweza kuivunja ile dawa ya fluorourasili, wachache hawawezi na inaweza kuwaua, Ulaya wakala wa dawa alipendekeza kipimwe kabla toka 2020. Nilipouliza hospitali moja kama kipimo hicho kimo kwenye bei, aliyepokea simu akaniuliza DPD ndo nini. Nikawatoa kwenye eksel. Labda niliwaonea, aliyepokea simu sio daktari, ila nilikuwa nimechoka.

Laparoskopi nayo tuliiona kama kuongezwa gharama. Kaka akasema si siti skani ishafanyika, wanataka hela tu. Nami nilikuwa nusu naye. Hospitali moja, siitaji, ilituambia leteni mzee Alhamisi tunakata Ijumaa, hamna haja ya kamera ya tumboni wala kemo kabla, na bei yao nzuri kweli. Tulikuwa tumeshapanga gari. Yule mama muuguzi ndo akapiga simu kwa hasira, akasema saratani hii inapenda kumwaga mbegu ndogo ndogo kwenye ngozi inayofunika utumbo, zinaweza kuwa ndogo kiasi kwamba siti skani haizioni, mtapasua mzee kutoka hapa mpaka hapa mkute imeshasambaa mfunge mrudi nyumbani na deni. Ndo maana wanaingiza kamera kupitia matundu madogo kwanza na kuosha maji wayapime. Kama zimesambaa ni steji 4, mpango wote unabadilika, na kwa wengi wa hao kukata mfuko hakuongezi siku, Wajapani na Wakorea walilipima hilo wakatoa majibu 2016, kemo peke yake dhidi ya kukata pamoja na kemo, kukata hakukusaidia. Hebu fikiria ni watu wangapi wameuza kiwanja kulipia upasuaji ambao hauwapi kitu. Ya mzee ilitoka safi. Ijumaa ile ikapita, tukashukuru.

Kuchagua mpasuaji ndo kulinichosha. Tovuti zote zina picha ya daktari amekunja mikono. Niliambiwa niulize mambo mawili matatu tu na nisione haya: kwa mwaka mnatoa mifuko ya chakula mingapi, yaani timu hii, sio upasuaji wa tumbo kwa jumla. Mnafanya D2? Hiyo ni kuondoa tezi za limfu za karibu na za mbali kidogo kufuata mishipa, na kwenye mikono isiyozoea ina hatari zake, kwenye mikono iliyozoea inasaidia ugonjwa usirudi. Na ripoti zenu za patholojia huwa zinahesabu tezi ngapi? Zikiwa chini ya 15 hivi, steji yenyewe haiaminiki, inaweza kusemwa haijafika kwenye tezi kumbe hazikutafutwa. Mpasuaji mmoja alijibu yote kwa sentensi nne bila kuchukia. Mwingine alisema "mimi nina uzoefu wa miaka 30," nikauliza tena kwa mwaka mingapi, akarudia miaka 30. Sawa baba.

Kisha swali la nne ambalo nililiongeza mwenyewe: maungio yakivuja, nani anashughulika usiku na inagharimu kiasi gani? Ukitoa mfuko mzima wanaunganisha umio na utumbo mwembamba, na pale pakivuja mgonjwa anaweza kukaa ICU wiki na wiki, na hapo ndo kotesheni nafuu inapogeuka kuwa ghali kuliko zote. Hospitali yenye ICU yake, kamera yake, redioloji ya usiku, hata ikiwa juu kidogo ina bei inayotabirika. Kliniki ndogo nzuri yenye maua mlangoni ikibidi ikuhamishe usiku wa manane kwa ambulansi unalipa mara mbili. Mimi pesa yetu ya akiba niliipigia hesabu kwa siku 10 za ICU, sio kwa zile 2 walizoandika. Kaka akasema natabiri mabaya.

Kuhusu zile asilimia za kupona kwenye tovuti, msidanganyike. Korea wanawapima watu kuanzia miaka 40 kila baada ya miaka miwili hata kama hawaumwi, Japani nao wana mpango wao wa miaka mingi, kwa hiyo wagonjwa wao wengi wanakamatwa ugonjwa ukiwa bado kwenye utando wa juu, wengine hawapasuliwi hata, unabanduliwa kwa kamera tu wanaenda nyumbani. Hospitali yenye wagonjwa wa aina hiyo lazima asilimia zake zing'are. Mzee wetu wa miezi 8 ya dawa za asidi akienda kule hachukui asilimia zao, anachukua za steji yake. Ndo hivyo, omba takwimu za steji yako kama wanazo, kama hawana usizibebe zile za kwenye tangazo.

Mawakala. Sisemi wote wabaya, kuna mmoja alitusaidia kutafsiri ripoti na hakudai kitu. Ila wengi wanalipwa na hospitali kwa kila mgonjwa wanayempeleka, kwa hiyo ushauri wao umeshaelemea upande. Tulifanya jaribio dogo, nikaomba bei ya hospitali moja kupitia wakala na mdogo wangu akaandikia ofisi yao ya wagonjwa wa kimataifa moja kwa moja kwa faili lilelile. Zikaja bei mbili, na ya moja kwa moja ilikuwa chini. Na ile beji ya JCI, shirika la kukagua hospitali, wanayoibandika kila mahali, inasema hospitali inafuata taratibu za usalama, ni jambo zuri, ila haikwambii lolote kuhusu mkono wa mpasuaji wako. Halafu kuna wale wa dripu za vitamini na majani wanaokuhakikishia uvimbe utayeyuka bila kisu. Hao tulipata wanne ndani ya wiki moja, sijui namba yangu waliipata wapi, mmoja alinitumia ushuhuda wa sauti wa mama analia. Nilimzuia. Usiku nikamfungulia tena nikasikiliza. Ukiwa na mzazi mgonjwa akili haiko sawa, na wao wanalijua hilo.

Mwisho wa yote kilichoamua sio bei ya upasuaji, ni kalenda. Duru 8, kila wiki mbili, katikati kuna mapumziko na upasuaji, hiyo ni miezi sita saba. Nani atakaa na mzee ugenini miezi sita? Kodi ya chumba, nauli za kupishana, kazi tunazoacha, ubadilishaji wa pesa unaocheza kila siku. Nilipoandika safu hizo kwenye eksel, ile hospitali ya nje iliyokuwa ya pili kwa unafuu ikapanda ikawa ya kwanza kwa ughali. Tukagawa: kemo hospitali ya karibu ambayo ina daktari wa saratani anayejua FLOT, upasuaji hospitali ya mbali yenye kufanya mingi, wiki tatu tu tuko kule. Mpasuaji akaandika barua kwa daktari wa kemo, daktari wa kemo akamwandikia yeye, kila dozi imeandikwa, skani moja kabla ya upasuaji inasomwa na wote. Sikujua kama inawezekana kugawa hivyo. Hakuna kotesheni hata moja iliyotuambia, kila mmoja alitaka mgonjwa mzima.

Na hospitali ya upasuaji ndo ile niliyoipaka nyekundu.

Bima ilitusumbua lakini sitaki kuandika mengi, nyie wenyewe mnajua. Ombeni kibali kwa maandishi kabla, na someni ukurasa wa visivyolipwa kwanza kabla ya ule wa vinavyolipwa. Yetu ililipa kemo, haikulipa porti. Kemo bila porti, sijui walifikiria nini.

Jambo lingine dogo. Daktari alishauri sisi watoto wote tupimwe yule bakteria wa H. pylori, maana ndo chanzo kikubwa cha saratani hii, IARC, tawi la WHO la utafiti wa saratani, walimweka kwenye kundi la visababishi vya uhakika toka 1994. Marshall na Warren wa Australia walipomtaja miaka ya themanini watu hawakuamini bakteria anaweza kuishi kwenye asidi, Marshall akaamua kumnywa mwenyewe 1984 akaugua, na 2005 wakapewa Nobeli. Kipimo ni cha kupuliza pumzi au cha kinyesi, hamna kamera. Tuko wanne, wawili tunaye. Mimi na kaka. Tukameza antibayotiki wiki mbili, mdomo unaonja chuma kutwa, tukapima tena tukawa safi. Ukiweka gharama yake kwenye ile eksel hata haionekani, inabidi uvute safu iwe pana.

Mzee alimaliza duru 4, akapungua, akaongezwa chakula cha kioevu cha hospitali, akapasuliwa. Upasuaji ulichukua masaa matano na nusu. Maungio hayakuvuja, ICU usiku mmoja. Ripoti ya patholojia ilipokuja kaka alikuwa wa kwanza kuifungua kwenye grupu, akaandika tu: tezi 27, zenye ugonjwa 2. Hakuandika kingine, na mimi nilijua anakumbuka ile Ijumaa. Duru nne za mwisho alimaliza tatu, ya nne daktari akaikata maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi hawezi kufunga vifungo vya shati.

Sa hivi anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, akikosea akala kitu cha sukari nyingi anatokwa jasho na moyo unamwenda mbio inabidi alale nusu saa, na analalamika kwamba mke wake anampimia chakula kama mtoto. Bila mfuko mwili hauwezi kufyonza B12 kwa njia ya kawaida, kwa hiyo anachomwa sindano kila miezi mitatu maisha yote. Nayo nimeiandika kwenye eksel, safu ya mwisho kabisa. Ijayo ni tarehe 14, na safari hii ni zamu ya kaka kumpeleka.